Fundi Anajibu: Mfumo mpya wa faili na picha za harusi zilizoharibika

Mwaka 2024 ulipoanza, wapenzi wa programu huria walipokea kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo huo wa kuendesha kompyuta, toleo la 6.7, kikiwa na mfumo mpya wa faili (utaratibu wa kupanga na kutunza data diskini) uitwao bcachefs. Kabla miaka miwili haijatimia, toleo la 6.18 likautoa nje. Katikati ya habari hizo mbili, wasomaji wa safu hii kuanzia Nakuru hadi Busia wameniandikia wakiuliza mambo yanayokaribiana. Hii mifumo mipya ya faili ni kitu gani? Inaokoa nini? Mtu mwenye kompyuta moja na stima ya kubahatisha ana haja nayo? Safu yote ya mwezi huu nimewaachia hao. Barua nimezifupisha, maana yake sijaigusa.

SWALI: Dada Fundi, pokea salamu. Mimi ni mpiga picha za harusi na mazishi hapa Kondele. Kazi zangu zote ziko kwenye diski ya nje ya terabaiti 4, na kompyuta yangu inatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Juzi mteja wa Homa Bay aliniomba nakala za harusi yake ya 2019. Nyingi zilifunguka sawa, lakini kadhaa zimekatika katikati. Juu unaona uso wa bibi harusi, chini ni mistari ya kijivu na zambarau. Diski haijawahi kuanguka, na kompyuta haijawahi kuonyesha kosa lolote. Kijana mmoja ameniambia niweke toleo jipya la Linux lenye mfumo wa faili unaojitibu. Ni kweli? Na picha hizo zitarudi? – Mpiga picha, Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lililo zito. Picha hizo hazitarudi kwa kubadilisha mfumo wa faili. Kama zipo popote, zipo nje ya diski hiyo: kwenye kadi ya zamani ya kamera, kwenye flashi uliyomkabidhi mteja mwaka ule, kwenye simu ya bwana harusi, kwenye barua pepe uliyomtumia mchapishaji wa albamu. Piga simu leo, kabla hujagusa kitu kingine. Flashi za harusi hukaa miaka mingi kwenye droo za watu.

Sasa chanzo. Unasema diski haikulalamika, na hapo ndipo penye uchungu wa kazi hii yangu. Diski iliyokufa watu huielewa. Inagonga, haionekani kwenye kompyuta, mtu anasikitika, anaanza upya. Inayotesa ni ile iliyo hai, inayozunguka vizuri na kufungua folda zote, kumbe ndani biti chache zimegeuka, sifuri imekuwa moja. Huenda uso wa sumaku umechoka, huenda waya umelegea, huenda programu ya ndani ya diski ina kasoro, huenda RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni mbovu na iliharibu picha kabla haijaandikwa. Mwaka 2007 wataalamu wa CERN, ile maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walikagua mitambo yao wakakuta data iliyoharibika kimyakimya, bila mashine kutoa onyo. Ikiwa hutokea huko kwenye vyumba vya baridi vyenye stima ya uhakika, diski iliyo juu ya kabati Kondele haina kinga ya pekee.

Ubuntu ikiwekwa kwa njia ya kawaida hutumia mfumo wa faili wa ext4. Ni mfumo mzuri, umekuwa imara tangu mwisho wa 2008, na kompyuta nyingi ninazozihudumia ninauacha hapo hapo. Lakini ext4 hukagua kumbukumbu zake yenyewe tu, yaani majina ya faili, mahali zilipo, ukubwa wake. Yaliyomo ndani ya picha haiyakagui. Diski za nje, ambazo aghalabu hutoka dukani na mifumo ya exFAT au NTFS, nazo ni hivyo hivyo. Diski ikileta takataka, mfumo unakukabidhi takataka hizo ukiamini ni picha.

ZFS, Btrfs na bcachefs ziliundwa zikiwa na pengo hilo akilini. ZFS ilianza 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems, mikononi mwa Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, na msimbo wake ukawekwa wazi 2005. Btrfs ilianzishwa 2007 na Chris Mason, wakati huo akiwa kampuni ya Oracle, ikaingia kwenye kiini cha Linux toleo la 2.6.29 mwaka 2009. Zote tatu hufanya jambo moja la msingi. Kipande cha data kinapoandikwa, mfumo hupiga hesabu juu yake na kupata alama fupi ya ukaguzi, kisha huihifadhi alama hiyo mbali na kipande chenyewe. Siku ya kusoma, hesabu hupigwa tena. Mkulima wa majani chai kule Vihiga anaifahamu njia hii: chai hupimwa kituoni na kuandikiwa risiti, ikifika kiwandani hupimwa tena, na kilo zikitofautiana kila mtu anajua kuna jambo limetokea njiani.

Tega sikio hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Alama ya ukaguzi hugundua, haitibu. Ili mfumo uweze kutibu, lazima uwe na nakala ya pili, nzima, ya kipande hichohicho. Ukiweka Btrfs au ZFS kwenye diski moja, siku picha itakapoharibika mfumo utakataa kukupa na kukutajia faili yenye tatizo. Hilo pekee ni msaada mkubwa, kwa sababu utajua mapema, wakati mteja bado anayo flashi yake. Kuifufua hautaweza. Ukiwa na diski mbili zinazoakisiana, mfumo ukikuta kipande kibovu upande mmoja huchukua kizima upande wa pili, hukupa hicho, na papo hapo huandika upya kile kibovu. Wewe utaona tu idadi ya makosa kwenye ripoti.

Kwa kazi yako ningenunua diski mbili za ukubwa sawa, za kufungwa ndani ya kompyuta kwa waya wa SATA. Za USB ningeziepuka kwa kazi hii. Mifumo hii huiagiza diski iandike haya kwanza, ithibitishe yamefika, ndipo ipewe mengine. Baadhi ya vikasha vya USB vya bei rahisi hujibu kwamba yamefika kabla hayajafika. Stima ikipotea sekunde hiyo, Btrfs inaweza kukataa kufunguka kabisa, kwa kuwa kurasa zake za juu zinaelekeza kwenye kurasa ambazo hazikuandikwa kamwe. Nimekwisha kuona mpiga picha mwenzako akipoteza msimu mzima kwa njia hiyo, na kikasha chenyewe kilikuwa kipya.

Ubuntu imekuwa ikija na ZFS tangu toleo la 16.04 la mwaka 2016. Kuziunganisha diski hizo ni mstari mmoja, zpool create picha mirror, ukifuatiwa na majina ya diski kama yanavyoonekana ndani ya /dev/disk/by-id. Usiandike sda na sdb, majina hayo hubadilishana kompyuta ikiwaka upya. Amri hiyo hufuta kila kilichomo, kwa hiyo diski ziwe tupu. Baada ya hapo uwe na desturi ya zpool scrub picha kila mwezi. Mfumo utasoma kila kipande, hata harusi ambazo hujazifungua miaka mitano, na kulinganisha alama. Ubuntu hupanga ukaguzi huo ujifanye wenyewe usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya mwezi, lakini wewe najua unazima kompyuta ukifunga duka. Basi ianzishe kwa mkono jioni na uiache ikiwaka hadi asubuhi.

Na kabla ya hayo yote, pima RAM kwa programu ya memtest86+ usiku kucha. RAM mbovu itaiharibu picha kwanza, kisha picha hiyo iliyoharibika ipewe alama sahihi kabisa ya ukaguzi. Hapo hakuna mfumo wa faili utakaokuokoa.

SWALI: Fundi, hujambo. Mimi ni karani wa zahanati ndogo Lurambi. Huku mvua ya alasiri haiji bila radi, na stima hupotea tukiwa katikati ya kuandikisha wagonjwa. Siku nyingine kompyuta ikiwaka inatungojesha muda mrefu ikikagua diski huku foleni ya akina mama na watoto ikiwa mlangoni. Nasikia mifumo mipya ya faili imeondoa haja ya UPS, lile betri la kushikilia kompyuta stima ikipotea. – Karani, Kakamega

JIBU: Dada yangu, haijaiondoa. Nunua UPS kwanza, mfumo wa faili utafuata.

Kuna ukweli nusu katika ulichosikia. Mifumo ya zamani huandika juu ya data iliyopo. Stima ikikatika katikati ya kuandika, kipande kinabaki nusu kipya nusu kizamani, ndiyo maana kompyuta ikiwaka hukagua. ZFS, Btrfs na bcachefs kwa kawaida haziandiki juu ya kilicho hai. Huandika mahali papya kwanza, na yote yakishatulia ndipo kielekezi cha juu kabisa kinahamishwa mara moja kutoka hali ya zamani kwenda hali mpya. Stima ikikatika kabla ya kuhamishwa, unaamka na hali ya zamani ikiwa nzima. Baada ya kuhamishwa, unaamka na mpya. Ule ukaguzi mrefu unakuwa hauna kazi.

Ila yaliyokuwa bado kwenye RAM yamekwenda. ZFS kwa kawaida hukusanya maandishi kwa takriban sekunde 5 kabla ya kuyashusha, Btrfs sekunde 30. Ndani ya sekunde 30 karani mwepesi ameshaandika jina la mtoto, uzito na chanjo. Kinachookoa hapo ni hifadhidata inayosisitiza rekodi ifike diskini kabla ya kusema imehifadhiwa, kama PostgreSQL inavyofanya. Muulize aliyewawekea programu kama ndivyo ilivyo. Kama rekodi zenu ziko kwenye jedwali la kawaida la ofisi, mtu akibonyeza kuhifadhi anapokumbuka, hapo pana hatari kubwa kuliko mfumo wa faili wowote.

Halafu radi haikati stima tu. Hupita kwenye waya na kuchoma, na diski mbili zinazoakisiana ndani ya sanduku moja huungua pamoja. Mawingu yakishafunga, chomoa plagi, na uchomoe pia waya wa mtandao unaotoka nje, ambao watu huusahau. Waya hizo za mtandao zimeniletea mezani kompyuta nyingi kuliko plagi.

Kuhusu kule kungojeshwa, mwambie fundi aliye karibu aendeshe smartctl -a kwenye diski hiyo na asome mistari ya Reallocated na Current Pending. Namba zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka kila wiki, badilisha diski sasa, wakati bado inasomeka.

SWALI: Habari yako Fundi. Nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu huku Njoro. Bcachefs ilipoingia kwenye kiini 6.7 niliiweka kwenye laptopu yangu kwa furaha, na kazi zangu zote za chuo zimo. Sasa imeondolewa. Wenzangu wananicheka, wanasema programu huria ni ugomvi wa watu wawili na sisi ndio tunaumia. Nifanye nini, na niwajibu nini? – Mwanafunzi, Njoro, Nakuru

JIBU: Kwanza data yako, wenzako baadaye. Usikubali kupandishwa hadi kiini 6.18 bila kujua kama usambazaji wako wa Linux unakupa moduli ya bcachefs (kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kiini) kutoka nje, maana wenye mradi sasa huitoa kama moduli ya DKMS inayojengwa pembeni ya kiini. Bila moduli hiyo, laptopu itawaka na kushindwa kuifungua diski yake yenyewe. Nakili kazi zako kwenye diski nyingine leo. Kisha, kwa sababu wewe ni mwanafunzi mwenye laptopu moja na mtihani mbele, hamia Btrfs au ext4, na bcachefs uiweke kwenye diski ya majaribio uendelee kuisoma. Kuisoma usiache. Ni kazi nzuri.

Sasa historia, kwa kuwa wanaokucheka wameisikia nusu. Kent Overstreet aliandika kwanza bcache, iliyoingia kwenye Linux 2013, inayowezesha SSD ndogo (diski ya haraka isiyozunguka) kuharakisha diski kubwa. Kutokana na hiyo akajenga mfumo kamili wa faili, akautangaza 2015, na ukamchukua hadi Januari 2024 kuufikisha ndani ya toleo rasmi. Linux ina utaratibu ambao kila mchangiaji anaujua. Baada ya toleo kutoka, kuna wiki mbili za kupokea mambo mapya. Wiki hizo zikiisha, mlango unafungwa, na hadi toleo linalofuata yanapokelewa marekebisho ya kasoro tu. Overstreet alirudia kuleta mambo makubwa mlango ukiwa umefungwa, hoja yake ikiwa kwamba kuna watu data yao imekwama na dawa anayo. Katikati ya 2025, toleo la 6.16 likiwa kwenye wiki za marekebisho, alileta uwezo mpya wa kuokoa data. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaupokea, lakini akasema wazi kwamba wataachana. Katika 6.17 bcachefs ikaandikwa kuwa inatunzwa nje ya kiini, na katika 6.18 msimbo ukafutwa.

Mimi nasimama na Torvalds, na nasema hivyo kwa moyo mzito. Ninamwelewa Overstreet. Mtu akikaa mbele yangu na diski yenye picha pekee za marehemu mama yake, nami nikijua kuna amri inayoweza kuzitoa, kungoja wiki sita za utaratibu kunauma. Lakini kiini hicho hicho kinaendesha simu za Android za nusu ya watu unaokutana nao njiani kutoka Njoro hadi mjini Nakuru, na utaratibu wa mlango kufungwa ndio unaowalinda wote hao dhidi ya haraka ya mtu mmoja, hata haraka ya wema. Mfumo wa faili hauhitaji kipaji peke yake. Unahitaji watu kadhaa wanaoweza kuupokea mwandishi wake akiugua, akichoka au akikosana na wenzake.

Kuhusu ugomvi wa watu wawili, waambie wenzako waangalie ZFS. Oracle iliinunua Sun mapema 2010 na mwaka huohuo ikaacha kutoa msimbo wa OpenSolaris, mfumo huria wa Sun uliobeba ZFS. Kama ZFS ingekuwa mali ya kufungiwa, hadithi ingeishia hapo kwa kila mtu asiye mteja wa Oracle. Lakini msimbo wa tangu 2005 ulikuwa tayari huria. FreeBSD, mfumo mwingine huria wa kompyuta, walikuwa nao tangu toleo la 7.0 la mwaka 2008, baada ya Pawel Jakub Dawidek kuuhamishia huko. Waandishi wa asili wengi waliondoka Oracle, kazi ikaendelea, mradi wa OpenZFS ukaundwa 2013, na 2020 toleo la 2.0 likaunganisha Linux na FreeBSD kwenye msimbo mmoja. Hadi leo ZFS haiwezi kuingia ndani ya kiini cha Linux kwa sababu ya tofauti ya leseni, ya kwake CDDL na ya Linux GPL, lakini ipo, inafanya kazi, na diski iliyoandikwa kwayo Kisumu inafunguka kwenye FreeBSD au Linux popote. Bcachefs nayo haijakufungia kitu. Msimbo unao, moduli ipo, data yako inasomeka. Ndiyo maana leo unaweza kuhama kwa utulivu.

Na uwe mvumilivu na mifumo ya faili. Btrfs ilianzishwa 2007. Kampuni ya Red Hat iliiondoa kabisa kwenye RHEL 8, Linux yake ya mwaka 2019, watu wakadhani imekwisha. Oktoba 2020 Linux ya Fedora 33 ikaifanya chaguo la kwanza kwa kompyuta za mezani na laptopu. Hata sasa, baada ya miaka yote hiyo, mtindo wake wa RAID 5 na 6, wa kutawanya data kwenye diski kadhaa, siwezi kumshauri mtu autumie na data anayoipenda.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari karibu na Webuye. Tumepewa kompyuta za mitumba, kila moja ina RAM ya gigabaiti 4 na SSD ndogo. Wanafunzi huvuruga mipangilio kila wiki. Nilitaka kuweka ZFS lakini nasikia inataka gigabaiti 1 ya RAM kwa kila terabaiti. – Mwalimu, Bungoma

JIBU: Mwalimu, kanuni hiyo husemwa kana kwamba ni sheria, nayo siyo. ZFS hutumia RAM iliyo wazi kuweka data inayosomwa mara kwa mara, na huirudisha programu zikiihitaji. Inayokula RAM kweli ni huduma ya kutafuta data inayojirudia na kuihifadhi mara moja. Usiiwashe. Hata hivyo kwa gigabaiti 4, kivinjari kikiwa wazi na wanafunzi wawili kwenye kiti kimoja, sitakushauri ZFS. Kwenye Linux kwa miaka mingi ilijiruhusu kuchukua hadi nusu ya RAM, na hairudishi kwa haraka kila mara.

Kinachokufaa ni openSUSE, aina nyingine ya Linux, yenye Btrfs. Tangu toleo la 13.2 la mwaka 2014, Btrfs ndiyo chaguo lake la kwanza, na mfumo hujichukulia snapushoti kabla na baada ya kila mabadiliko ya programu. Snapushoti ni hali ya mfumo ilivyokuwa dakika ile, na hutengenezwa kwa kufumba na kufumbua kwa sababu hakuna kinachonakiliwa. Kwa kuwa mfumo hauandiki juu ya data ya zamani, kuihifadhi hali ya jana ni kuacha tu kuifuta. Mwanafunzi akivuruga, unawasha kompyuta, kwenye orodha ya kuwashia unachagua snapushoti ya jana, ukiridhika unatoa amri ya snapper rollback. Folda za wanafunzi hukaa kando na haziguswi, kwa hiyo insha za watu hazirudi nyuma pamoja na mfumo.

Mambo mawili uyaangalie. Ukifuta faili ambayo bado imo kwenye snapushoti ya zamani, nafasi hairudi mpaka snapushoti hiyo nayo ifutwe, na mifumo hii ikijaa hadi ukingoni hupata shida, hata kufuta kunaweza kukataliwa. Usiache SSD ipite asilimia 80. La pili, washa ubanaji wa zstd, ambao Btrfs imekuwa nao tangu kiini 4.14 cha mwaka 2017. Faili za mfumo zitapungua vizuri. Video na picha hazitapungua, zimekwisha kubanwa tayari.

Na nina ombi, Mwalimu. Chagua kompyuta moja, uwaruhusu wanafunzi waiharibu makusudi kadiri wanavyoweza, kisha uwafundishe kuirudisha wenyewe. Mtoto aliyewahi kuifufua kompyuta kwa mikono yake haiogopi tena, na huko kwetu tunahitaji wengi wasioiogopa.

SWALI: Mwanangu Fundi, mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba hapa Luanda. Kijana aliyetufungia kompyuta alisema inachukua snapushoti kila saa, kwa hiyo tusijisumbue kubeba nakala. Moyo wangu umekataa. – Mzee, Vihiga

JIBU: Mzee wangu, pokea heshima zangu, na moyo wako uko sawa. Snapushoti zinakaa kwenye diski ileile. Mwizi akibeba kompyuta amezibeba zote. Zinafaa karani akifuta ukurasa kwa bahati mbaya, hapo tu.

ZFS na Btrfs zote zina amri ya send, inayotuma snapushoti kwenda mashine au diski nyingine. Mara ya kwanza hutuma yote, baadaye hutuma yaliyobadilika tu. Hesabu za kikundi ni ndogo, hata bando la simu la usiku linatosha kuzifikisha kwenye kompyuta ya mwanakamati aliye Kisumu. Kama mtandao unasumbua, tumieni diski mbili za nje kwa zamu, moja ikae kwa mwenyekiti. Ziwe zimefungwa kwa nywila. ZFS ina usimbaji wake yenyewe tangu toleo la 0.8 la mwaka 2019, na nywila iandikwe kwenye karatasi ndani ya bahasha inayojulikana na watu wawili. Kisha mkutano ujao, mbele ya kamati, fungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na msome salio la mwanachama mmoja. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa msiihesabu.

SWALI: Nina saiba Busia. Naweza kuweka ZFS kwenye flashi ili faili za wateja zisiharibike? – Mwenye saiba, Busia

JIBU: Usiweke. Windows ya mteja haitaifungua. Tumia exFAT, ambayo Linux inaisoma yenyewe tangu kiini 5.4 cha mwaka 2019. Faili zikiharibika kwenye flashi mpya, shuku flashi yenyewe, kwa kuwa mpakani hapo zinauzwa nyingi zinazodai gigabaiti 128 na ndani hazifiki 16. Kwenye Linux weka programu ya f3. Ukiwa na flashi tupu, endesha f3write kisha f3read, itakuambia ukubwa wa kweli. Ukitofautiana na ulioandikwa kwenye ganda, mrudishie aliyekuuzia siku hiyohiyo, na uende na risiti.